Kurudi Nyumbani Si Kushindwa



Naomba nipewe nafasi kidogo nitoe maoni yangu juu ya jambo moja ambalo naona linatusumbua sisi vijana wa Ufipa, wala hatulisemi. Jambo lenyewe ni kurudi nyumbani. Wengi wamekwisha andika katika kurasa hizi juu ya kusafiri, na faida za kusafiri twazijua. Wahenga walisema, tembea uone. Lakini sijaona mtu aliyeandika juu ya safari ya kurudi, nayo ni nusu ya kila safari. Tena ni nusu iliyo ngumu.

Huku bwenini, mtu akimtaja kijana aliyemaliza shule akaenda mjini, husema, "Fulani yuko Dar es Salaam," na sote twaitikia kwa heshima, hata kama hatujui anafanya nini huko. Lakini ikisemwa, "Fulani amerudi," mara sauti hushuka, na mmoja huuliza, "Kwani amefanya nini?" Kana kwamba kurudi kwa mama yako ni kosa la kupelekwa mahakamani. Mimi pia nimeuliza swali hilo mara nyingi, nikacheka pamoja na wenzangu. Leo nataka kueleza kwa nini sitacheka tena. Na kabla sijaweka kalamu chini nitaungama uongo mmoja nilioutoa humu humu shuleni.

Desemba 2024, shule zilipofungwa, baba aliamua kutuchukua kwenda Dar es Salaam kwa gari lake. Baba ni fundi wa magari. Miaka michache nyuma alinunua Land Rover ndefu, kuukuu, isiyotembea, akawa anaitengeneza jioni baada ya kazi. Nyuma aliondoa viti, akapigilia vitanda vya mbao, juu na chini, akaweka rafu ya vyombo, jiko la gesi, na mahali pa kufungia madumu manne ya maji. Juu ya paa alifunga turubai, ambalo likishushwa ubavuni lilikuwa sebule yetu. Mdogo wangu wa kike aliliita gari hilo Kobe, maana lilibeba nyumba yake mgongoni, na mwendo wake kweli ulikuwa wa kobe.

Bibi, mama yake baba, alikataa kupanda. Alisema, "Mimi nikienda, nani atawafungulia mlango mkirudi?" Basi akabaki na nyumba, kuku, na ekari tatu za mahindi yaliyokuwa ndiyo kwanza yameota. Baba alimwahidi kwamba tutarudi kabla ya Mwaka Mpya, ili palizi isitupite. Bibi akaitikia kwa kichwa tu.

Tulishika barabara ya Laela na Tunduma, kilomita 223 za lami, sehemu kubwa zikiwa zimejengwa kwa fedha za mkataba ambao nchi yetu ilitia sahihi na Marekani mwaka 2008. Baba alituambia kwamba katika ujana wake njia hiyo wakati wa masika ililaza abiria siku mbili au tatu. Sisi tuliipita kwa nusu siku, na Kobe asingekuwa Kobe tungeipita kwa muda mfupi zaidi. Tunduma tuliingia katika barabara kuu, na malori yanayotoka Zambia na Kongo yakaanza kutupita moja baada ya jingine. Tulipokuwa tukisimama kupika, watu walikuja kutuuliza, "Mnauza nini?" Hawakuamini kwamba jamaa nzima imo ndani ya gari na haiuzi kitu. Mama alichoka kueleza, mwishowe akawa anajibu, "Tumeishiwa bidhaa."

Karibu na Iringa tulilala kwenye uwanja wa wageni wanaopiga kambi, na hapo tulikuta gari la namna ya letu, ila kubwa mara tatu, lenye choo na friji ndani. Wenyewe walikuwa wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, waliotoka Ulaya wakielekea Afrika ya Kusini. Walikuja kumtazama Kobe kwa furaha, wakapiga picha vitanda vyetu. Baba aliwauliza wanarudi lini nyumbani. Mume akasema kwamba nyumba yao wameiuza, na gari hilo ndilo nyumba. Hawajui kama watarudi. Walisema hayo kwa uchangamfu, nami niliwaonea wivu. Nilifikiri, hao ndio walio huru. Baba hakusema neno ila usiku aliniuliza, "Sasa wakiugua, nani anawafungulia mlango?" Nikakumbuka maneno ya bibi.

Kesho yake tulikwenda Kalenga, palipokuwa makao ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Katika darasa la historia tumesoma kwamba Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, ulitaja kwamba kirudishwe. Lakini hakikurudi mpaka mwaka 1954, Gavana Twining alipolileta fuvu hilo kutoka jumba la makumbusho la Bremen akawakabidhi Wahehe. Nilisimama mbele ya kioo nikafanya hesabu: miaka 56. Watu wa Kalenga walimngoja mtu wao miaka 56, na aliporudi bila mwili na bila ufalme, hawakumuuliza ameleta nini. Walimpokea. Siku hiyo niliona ni habari ya historia tu. Sikujua kwamba baada ya siku chache ningeihitaji.

Tukateremka Kitonga, tukanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, tukapita katikati ya mbuga ya Mikumi tukiona twiga kando ya lami, na hatimaye tukaingia Dar es Salaam. Sababu kubwa ya safari yetu ilikuwa kumwona kaka yangu. Yeye alimaliza Kidato cha Nne mwaka 2020, na mwaka uliofuata akaenda mjini kutafuta maisha. Katika simu alikuwa akituambia kwamba ana duka la nguo Kariakoo. Mama alikuwa akiwasimulia majirani, nami nilikuwa nikiwasimulia ninyi wenzangu tangu Kidato cha Pili. Wengi wenu mwakumbuka.

Duka halikuwapo. Kaka alikuwa akisukuma mkokoteni wa kukodi, akibeba nguo za wenye maduka, na usiku alilala Mbagala katika chumba kimoja na vijana wengine watatu. Alipotuona tumesimama mlangoni, jinsi alivyokuwa na aibu siwezi kuandika. Baba hakugomba. Alimuuliza tu kama amekula, kisha akampeleka kwenye gari, mama akapika, tukala sote chini ya turubai kama kwamba tuko nyumbani.

Tulikaa Dar es Salaam kuliko tulivyokusudia, maana giaboksi iliharibika, na kipuri cha gari la zamani hakipatikani kwa siku moja. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita. Kila jioni baba na mama walimsihi kaka arudi nasi, na kila jioni alikataa. Alisema, "Nitarudi nikiwa na kitu. Hivi nilivyo siwezi. Watu watasema nini?"

Mama akamuuliza, "Watu gani?"

"Watu wa kule."

"Watu wa kule ni sisi," mama akasema.

Kaka hakujibu. Siku ya kuondoka alituaga usiku, akarudi chumbani kwake. Alfajiri tulipofika Mbezi, tulimkuta amesimama kando ya barabara na mfuko mmoja mdogo. Akasema, "Nakuja kumsalimu bibi tu." Baba akafungua mlango wa nyuma. Kitanda cha juu kilikuwa kimekwisha tandikwa. Mama alikitandika usiku ule ule, bila kumwambia mtu.

Katika kurudi baba alichagua njia nyingine, kupitia Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Sikonge, Inyonga na Mpanda, ili tuizunguke nchi na tusirudie tuliyokwisha yaona. Kabla ya Dodoma treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, ilitupita kama mshale, na mdogo wangu akaipungia mkono. Kaka alikuwa akicheka nasi siku hizo za mwanzo. Lakini kadiri tulivyokaribia kwetu, ndivyo maneno yake yalivyopungua. Sikonge alishuka peke yake, akarudi na dumu la asali. Nilijua kwamba fedha zake zote zimeishia hapo. Alisema, "Mkono mtupu haulambwi."

Tulipita Sitalike, tukawatazama viboko wa mto Katuma, tukaivuka mbuga ya Katavi, tukapanda Lyamba lya Mfipa. Hapo juu ubaridi wa kwetu ulitupokea, ukungu ukiwa umelala juu ya majani, nasi tukavaa masweta. Kabla hatujafika Kizi, baba alichepuka kupisha lori, na Kobe akazama katika tope hata ekseli. Baba alikanyaga mafuta, magurudumu yakazidi kuchimba. Ndipo kaka alipoteremka akasema, "Baba, zima gari. Gari lililokwama halitoki kwa nguvu, linatoka kwa kupunguziwa mzigo." Tukatoa kila kitu: madumu, jiko, magodoro, hata vitanda. Akakata matawi, akayapanga chini ya magurudumu kwa mshazari, akatuonyesha kila mmoja mahali pa kusukuma. Kobe akatoka. Miaka mitatu na zaidi ya kusukuma mkokoteni katika tope la Kariakoo wakati wa mvua ilikuwa imemfundisha jambo ambalo baba, fundi wa miaka ishirini, hakulifanya.

Usiku ulikuwa umeingia, tukalala hapo hapo. Katika giza nilimsikia kaka akimwambia baba, "Baba, naomba kesho tupumzike njiani, tuingie nyumbani usiku."

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwizi ndiye aingiaye usiku. Wewe umeiba nini?"

Basi tuliingia mchana. Tulipita Kanazi na Chala, tukaona milima ya Mbizi imesimama nyuma ya mji wa Sumbawanga, na saa saba za mchana Kobe alikuwa mbele ya nyumba. Bibi alifungua mlango, kama alivyosema. Alimshika kaka uso kwa mikono miwili akamtazama, kisha akasema, "Umekonda. Ingia ule."

Majirani nao walikuja, na hapo ndipo niliposikia maneno ambayo nimekuwa nikiyasema mimi mwenyewe. Mmoja aliuliza, "Umetuletea nini kutoka mjini?" Mwingine alisema kwa kicheko, "Mji umemshinda." Mzee mmoja, ambaye ni mtu mwema, alimwuliza baba pembeni kama kijana ana kesi huko alikotoka. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini nilimwona kaka akitazama dumu lake la asali, na dumu lenyewe likawa dogo mno.

Bibi aliipokea asali akaonja, akashukuru. Siku ya tatu alfajiri alitugongea mlango akaweka majembe kizingitini. Mnaijua methali: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakati sisi tulipokuwa tukitazama twiga Mikumi, majani yalikuwa yakipanda shambani. Bibi pamoja na majirani, hao hao waliomcheka kaka, walikuwa wamepalilia ekari mbili. Ekari ya tatu ilikuwa imezama, mahindi yamekuwa ya njano kama kamba. Wasomaji wapenzi, mimi nilirudi na picha mia tatu katika simu ya baba, nikijiona mtu aliyeiona nchi. Ekari ile ilinifundisha kwamba safari yangu ilikuwa imelipiwa na mgongo wa mwanamke mzee. Kila anayesafiri kuna anayebaki. Na anayebaki ndiye anayelipa. Kwa sababu hiyo nasema kurudi si aibu. Kurudi ni kulipa deni.

Sasa naungama. Januari 2025 shule zilipofunguliwa, wenzangu mliniuliza habari za kaka mwenye duka Kariakoo. Nikajibu, "Hajambo, duka limekua, sasa ana maduka mawili." Nilisema hivyo bila kupepesa macho. Na saa hiyo hiyo yeye alikuwa katika ekari ya tatu akipalilia mahindi ambayo yananinunulia sabuni na madaftari.

Haikuisha hapo. Katika muhula wa kwanza alikuja shuleni kwa baiskeli kuniletea unga wa ulezi na karanga. Nilipoambiwa ana nguo za shamba, nilikimbia langoni nikampokea haraka haraka, nikamvuta nyuma ya miti ili msimwone. Alinipa vitu vyangu, akanitazama, akasema polepole, "Mdogo wangu, naona sasa wewe ndiwe unayeingia usiku." Kisha akapanda baiskeli akaenda zake. Tangu siku hiyo sijapata raha, na hii ndiyo sababu ya makala haya. Nimemwomba ruhusa niandike. Akasema, "Andika, lakini usinifanye shujaa."

Simfanyi shujaa. Hajatajirika. Asubuhi yuko shambani, na mchana hutengeneza pikipiki chini ya mwembe kando ya karakana ya baba; siku nyingine hupata wateja watatu, siku nyingine hapati hata mmoja. Nasema tu kwamba yuko, na bibi halali tena akimfikiria.

Katika mambo hayo nimeona maoni matatu ambayo napenda kuyaweka mbele yenu.

Kwanza, kwetu sisi wanafunzi. Tumezoea kumpima mtu kwa umbali wake na Sumbawanga: aliye mbali ndiye mkubwa, aliye karibu ndiye mdogo. Wazee wetu hawakupima hivyo. Babu yangu marehemu alikwenda Tanga kukata mkonge, pamoja na Wafipa wengi wa siku zake walioitwa manamba, na wengine walikwenda katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kazi ilikuwa ya mateso, sisemi kwamba nyakati zile zilikuwa njema. Lakini mtu alipoondoka, watu wake walimtazamia kurudi, na aliporudi alikaa barazani akasimulia. Babu alirudi na blanketi na baiskeli moja, na bibi anasema hakuna aliyemuuliza mbona moja. Kwa nini sisi, tulio na barabara ya lami na simu, tumefanya njia ya kurudi kuwa nyembamba kuliko ya babu zetu waliotembea kwa miguu?

Najua mtu atasema kwamba nawafundisha vijana uvivu, ati wakigusa shida kidogo wakimbilie kwa mama. La hasha. Aliyerudi kwetu alipewa jembe siku ya tatu. Huo si mlango wa wavivu. Mwingine atanikumbusha methali ya mkataa kwao mtumwa, adai kwamba wote hawana budi kurudi. Hilo nalo silikubali. Wako wanaokaa mbali kwa halali, wanasomesha wadogo zao na kujenga kwao, nao hawajakataa kwao hata kidogo. Sisemi kila mtu arudi. Nasema anayetaka kurudi asizuiwe na vicheko vyetu. Maana kaka hakuzuiwa na nauli, wala na umbali wa kilomita zaidi ya elfu moja. Alizuiwa na maneno "watu watasema nini". Na watu hao, kama mama alivyosema, ni sisi.

Pili, kwa wazazi na wazee wetu. Kwa heshima nawaomba mwangalie swali la kwanza mnalomuuliza mtu anayerudi. "Umeleta nini?" ni swali la forodhani. Bibi hakuuliza hivyo, alisema, "Ingia ule." Baba hakuuliza hivyo huko Mbagala. Nimefikiri sana, naona kwamba kama baba angegomba siku ile, Kobe angerudi na kitanda kitupu. Tena naomba msitusifu mno tulio mbali. Mama alipokuwa akisimulia duka la kaka kwa majirani, alikuwa akijifurahisha. Lakini kila sifa ilikuwa tofali moja zaidi katika ukuta kati ya kaka na nyumba yake. Mama amesoma makala haya kabla hayajaletwa kwa mhariri, naye ameniruhusu kuandika hivyo.

Tatu, kwa walimu wetu wapendwa. Kila mahafali mnatualikia mgeni aliyefanikiwa mbali, naye hutuasa tusome kwa bidii. Ni jambo jema, liendelee. Lakini naomba mwaka huu, kando ya mgeni huyo, aalikwe pia mmoja wa wanafunzi wa zamani aliyekwenda akarudi: anayelima, anayefuga, anayetengeneza magari, anayefundisha katika shule ya msingi ya kijiji chake. Atusimulie aliyoyaona, pamoja na aliyoyakosa. Maana yule wa mbali hutuambia jinsi ya kupanda mlima tu. Na gari likikwama katika tope tunahitaji mtu aliyepata kukwama.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mwezi wa Novemba tutafanya mtihani wetu wa mwisho, na baada ya hapo kila mmoja atashika njia yake. Wengine tutapita Tunduma, wengine Mpanda, wengine tutateremka Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Wengine tutafaulu, na wengine hatutafaulu, hiyo ndiyo kweli ambayo hatupendi kuitamka usiku bwenini. Mimi mwenyewe sijui nitakuwa upande gani. Lakini tuahidiane jambo moja: yeyote kati yetu atakayeonekana katika barabara ya nyumbani, na mfuko mkubwa au mdogo, aingie mchana.

Wazee hutueleza kwamba jina la mji wetu, Sumbawanga, maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni aliyeingia humu alitakiwa kuacha nje mambo yake mabaya. Mimi naona kicheko chetu juu ya anayerudi ni mojawapo ya mambo hayo. Basi tukitupe. Mimi nimeanza kwa kuutupa uongo wangu mbele yenu. Na kwa kuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao ni siku ya kutembelewa, nawaarifu kwamba kaka atakuja na baiskeli yake. Nitampokea langoni, saa nne za asubuhi. Apendaye kumwamkia na aje.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne